Rasimu Zenye Harufu ya Mchaichai

Jumatatu, 3 Juni

Balaa. Bi Kwa Nini ametangaza kwamba Ijumaa hatapokea kazi zilizokamilika peke yake. Anataka na njia iliyozileta. Rasimu zote tangu Februari, hata tulizozikataa, na kila iliyokataliwa ibandikwe kikaratasi cha kueleza sababu. Huyu ndiye mwalimu wetu wa usanifu wa michoro. Jina lake halisi tumelisahau, maana tangu mwaka wa kwanza swali lake ni hilo moja tu.

Mimi njia sina. Nina mwisho. Kazi nne safi kwenye karatasi nzito, na nyuma yake hakuna kitu. Wenzangu huchora kwa penseli, hufuta, hukunja, huanza upya. Mimi hukaa mbele ya kompyuta nikasogeza vitu mpaka vikae. Vikikaa, naenda kula.

Hapa najisomea mwenyewe, basi niseme ukweli. Nembo ya fundi saa ni duara lisilo na mishale. Watu husema ni wakati uliosimama ukimngoja fundi. Mishale ilinishinda kuilinganisha, nikaifuta. Bango la kuchangia damu ni jekundu lote, na katikati pana nafasi kubwa nyeupe. Pale palikuwa pa picha, na picha ilikataa kufunguka asubuhi ya kukabidhi. Bi Kwa Nini aliiita nafasi ile ujasiri. Sikubisha.

Pakiti za dawa nilijua kwa nini. Jua kwa asubuhi, mwezi kwa usiku. Bibi yangu hasomi, na vidonge vyake vyote ni vyeupe. Lakini mtu hawezi kuandika hivyo kwenye maelezo ya kitaalamu. Niliandika kurasa mbili kuhusu alama na jamii ya kisasa.

Halafu sabuni ya Shangazi. Naishi kwake tangu nianze chuo, na chumba changu kimepakana na anapopikia sabuni. Februari aliniomba karatasi ya kufungia yenye uso wake, ili wateja wamjue aliyeipika. Nikamwambia kitaalamu haiwezekani. Akauliza utaalamu unasemaje. Nikasema unasema jani. Jani lenyewe lilikuwemo kwenye kompyuta tayari.

Nikianguka Ijumaa, narudia mwaka. Na Shangazi ameshawatangazia wateja wake wote kwamba mwakani namaliza. Hao wateja ni mtaa mzima.

Nina mpango. Njia nitaitengeneza kesho, kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Sioni kwa nini isiwezekane. Barabara ni ile ile.

Jumanne, 4 Juni

Kuchora vibaya kwa makusudi ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani. Rasimu mbaya sharti iwe mbaya kwa namna ya mtu mwenye kipaji. Ya fundi saa nimeirudia mara nyingi. Ya kwanza ilikuwa mbaya kama ya mtoto, ya pili ikawa nzuri kwa bahati mbaya.

Ikafika zamu ya sabuni. Nikajiuliza, mpumbavu angechora nini hapa? Jibu likaja lenyewe. Angechora alichoombwa na mteja.

Basi nikakaa mlangoni na penseli. Shangazi alikuwa anakata sabuni mpya kwa waya, mikono ya gauni ameikunja, ncha ya ulimi imechungulia pembeni mwa mdomo kama kawaida yake akipima. Hakujua namtazama. Nilichora haraka ili iharibike.

Haikuharibika. Nimeiangalia sana na imenikera. Mikono ile inajua inachofanya. Uso ule ungeweza kuniuzia chochote. Ukiliweka jani langu kando yake, jani linakuwa jani tu, la mti wowote, la mtu yeyote.

Nimeandika Februari kwenye kona na kuitia kwenye rundo la zilizokataliwa. Mpango ni mpango.

Jumatano, 5 Juni

Tatizo jipya. Rasimu zangu za miezi minne zinang'aa kama zimezaliwa jana, na kweli zimezaliwa jana. Nimezikunja zote. Zikakunjika kupita kiasi. Nikazipiga pasi. Shangazi akapita, akauliza tangu lini karatasi zinapigwa pasi. Nikamwambia ni somo. Akasema chuo hicho kina mambo, akaenda zake.

Kisha nikapata wazo ambalo, nikisema mwenyewe, ni la kibingwa. Ile sabuni aliyoikata jana imepangwa kwenye mbao nzito ili ikauke. Nimezichomeka rasimu zote chini ya vipande. Uzito utazinyoosha, mafuta yatazitia madoa. Doa ni ushahidi wa muda. Hakuna anayetilia shaka doa.

Chuoni Rula ameleta njia yake. Tunamwita hivyo kwa sababu hata sahani yake ya chakula huiweka sambamba na ukingo wa meza. Rasimu zake zimo kwenye majalada, mwezi baada ya mwezi. Aliniuliza kama ninahitaji pini za kubandikia, yeye anazo za ziada. Sikuipenda sauti yake. Pini nimezichukua.

Alhamisi, 6 Juni

Tumebandika kazi na rasimu ukutani, tayari kwa jopo la watahini la kesho. Ukuta wangu umependeza kushinda wa Rula! Wa kwake unaonyesha mtu aliyefanya kazi. Wangu unaonyesha mtu aliyeteseka, na mabwana na mabibi wa jopo wanapenda mateso.

Vikaratasi vya sababu nimeviandika kwa mkupuo mmoja, kwa lugha nzito. Kwenye mishale ya saa: imekataliwa kwa kuwa inaeleza mno. Kwenye picha ya mchangia damu, ambayo sasa imepata kuwepo: imekataliwa kwa kuwa inaziba ukimya. Kwenye uso wa Shangazi niliishiwa. Nikaandika: uso huu hauwezi kuuza sabuni. Sababu fupi na ya kitaalamu.

Rula alipita akinusanusa. Akaniuliza kama siku hizi naoga zaidi. Nikamjibu kwamba usafi ni nusu ya usanifu. Halafu akasimama mbele ya mchoro wa Shangazi. Alisema hiyo ndiyo karatasi pekee ukumbini yenye mtu ndani. Nikasema ndiyo maana nimeikataa. Akanitazama kama ananihurumia. Nimekereka mpaka sasa.

Ingenitosha kukereka, lakini maneno yake yamenikalia kichwani. Ukweli ni kwamba jana na juzi nimefikiri kuliko mwaka mzima. Kila nilipobuni sababu ya uongo, ilinibidi nitafute ya kweli ili niikwepe. Nilipochora ule mchangia damu wa kughushi, nikagundua anatazama pembeni, kama watu wanavyotazama sindano inapoingia. Hilo nililijua siku zote. Sikuwahi kulichora.

Jambo dogo: kesho wateja wetu wamealikwa. Fundi saa amesema hawezi kufunga duka. Shangazi alikubali kabla sijamaliza kusema. Gauni lake la zambarau limeshapigwa pasi.

Ijumaa, 7 Juni

Nitaandika polepole.

Jopo lilianza vizuri. Bi Kwa Nini alizunguka ukuta wangu, mikono nyuma, akasema hakuwa akijua kwamba nina subira. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Kisha akasimama mbele ya uso wa Shangazi. Akasema hii ndiyo kazi bora kuliko zote ukutani, zikiwemo nilizozikabidhi. Akauliza kwa nini niliikataa.

Nikaona nimebanwa kama mjusi mlangoni. Nikisema nilikosea, basi sina jicho. Nikisema sikuikataa, basi njia nzima ni feki. Nikaamua kuishambulia. Nilisema uso unafungamana na mtu mmoja. Nilisema jani ni la wote. Nilisema sabuni ni wazo. Jopo likaanza kutikisa vichwa kwa kuniafiki. Nilikuwa naushinda mchoro wangu mwenyewe.

Ndipo Shangazi akaingia. Zambarau, mkufu, tabasamu la kuwapa watu wote. Aliwaamkia jopo mmoja mmoja. Akausogelea ukuta, akavuta pumzi, uso ukamchangamka. Akawaambia kwa fahari kwamba karatasi hizi zinanukia mchaichai wake. Sabuni mpya kabisa, akasema. Hajawahi kuipika kabla ya Jumapili iliyopita.

Bi Kwa Nini alibandua rasimu moja ya Februari, akainusa. Akanusa ya Machi. Akampa bwana wa pembeni, naye akanusa. Jopo zima likawa linanusa. Rula alikuwa anatazama viatu vyake, na namshukuru kwa hilo.

Ningevumilia yote. Ila Shangazi alikuwa bado anapita na ukuta akitafuta jani lake, akafika mahali pa uso wake. Tabasamu lilipanuka. Kisha akasoma kikaratasi. Alikisoma kwa sauti ndogo, neno kwa neno, kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Uso huu hauwezi kuuza sabuni.

Nikakimbilia kujitetea. Nikamwambia asiamini, sikuukataa Februari, naapa, nimeuchora Jumanne hii. Nilidhani hilo litampoza.

Akaniuliza, kwa utulivu, kama basi Februari nilipomwambia haiwezekani nilikuwa sijajaribu hata mstari mmoja.

Aliwaaga jopo kwa heshima, mmoja mmoja, kama alivyowaamkia, akaondoka.

Uamuzi wa Bi Kwa Nini: sijafaulu na sijaanguka. Naanza upya sabuni. Wiki moja, kila siku rasimu moja ya penseli, na kila moja iwe na Shangazi ndani yake. Mwalimu atazitazama zote Jumatatu ya tarehe kumi na saba. Hakuniuliza kwa nini. Mara ya kwanza tangu nimjue, na iliniuma kuliko kuulizwa.

Jumamosi, 8 Juni

Shangazi anazungumza nami mambo ya lazima tu. Chakula kiko jikoni. Mlango haufungi vizuri, uusukume. Hajanipandishia sauti hata kidogo. Ningependa anipandishie.

Nimewaza sana leo. Nimesoma miaka miwili jinsi ya kufanya watu watazame kitu. Lakini mwenyewe kumtazama Shangazi nilimtazama mara moja, siku niliyotaka kuchora takataka. Ndiyo maana ikatoka vile. Sikuwa najionyesha kwa mtu. Nilikuwa natazama tu. Kama usanifu una siri, nadhani nimeishika kwa mkia.

Ninajuta. Naandika hivyo bila utani.

Jumapili, 9 Juni

Nilipiga moyo konde nikamwendea. Nikaomba ruhusa ya kumchora kila siku kwa wiki nzima, nikamweleza kwamba ni amri ya chuo. Alisema nichore tu, macho ni yangu. Hakuinua kichwa.

Nimekaa mlangoni asubuhi nzima. Mchoro umekuwa mbaya, na sasa ni mbaya kwa uaminifu. Mkono ulikuwa mzito. Nilikuwa natazama kama amepunguza hasira, badala ya kutazama pua. Alipopita aliutupia jicho, akasema hiyo pua ni ya mtu mwingine. Akaenda kusuuza sufuria.

Nilimfuata na kumwambia samahani. Akasema amesikia. Akanipa kitambaa nikaushe vyombo. Kusikia si kusamehe, hilo nalijua, lakini kitambaa alinipa yeye.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeamka na akili mpya kabisa.

Bi Kwa Nini anataka siku saba za Shangazi. Lakini Shangazi ni yule yule, pua ni ile ile, na mimi nimeshaelewa kutazama. Kukaa mlangoni wiki nzima kumsumbua mtu aliyeudhika si utu. Leo yeye yuko sokoni. Nimefunga mlango, nimechonga penseli za aina tatu, nimezimaliza zote zilizobaki kabla hajarudi!

Safari hii nimekuwa makini. Sikukunja, sikupiga pasi. Nimezichomeka chini ya ubao wa sabuni ya zamani, ile isiyonukia chochote. Rula akinusa, anuse mpaka achoke.

Na njia inasomeka vizuri, kama wiki ya kweli. Leo amenipa kisogo. Jumanne ni mikono tu na waya. Jumatano ameinua kichwa, bado amenuna. Hapo nilisita sana na penseli hewani, nikakumbuka kile kitambaa. Alhamisi nimemchora anacheka, kwa sababu kufikia Alhamisi atakuwa ameshanisamehe.