Jinsi Patron Ignace Alivyolitoa Koti Lake kwa Ajili ya Golikipa

Sogeeni, enyi wa Bertrams na wa Doornfontein! Wenye saluni zimeni mashine zenu, nanyi mabwana wa Sandton teremkeni kwenye magari yenu, maana leo nasimulia habari nzito na sitaki mtu anikatize. Ee ulimi wangu, usiteleze. Siku ile waliteleza wengine, tena waliteleza vya kutosha. Namsimulia Patron Ignace, yaani bosi wetu, fundi wa suti, jabari wa Lubumbashi, mfalme wa cherehani tatu, mmiliki na meneja na msemaji mkuu wa Majemadari wa Theluji, timu ya kwanza ya kulipwa ya mpira wa magongo wa barafuni miongoni mwetu wageni wa Johannesburg, mwaka wa 2017. Malipo yenyewe yalikuwa suti moja kwa kila mchezaji msimu ukiisha, lakini malipo ni malipo.

Ikawa, mechi ya kwanza ya ligi ilipokaribia, shujaa huyu, ambaye mguu wake haujapata kukanyaga barafu, aliwaita majemadari wake sita dukani, nami nikiwamo, akawavua mashati, akawapima kama anavyopima bwana harusi: bega, kifua, kiuno, na mgongo mara mbili. Akawashonea jezi za kijani zilizowakaa mwilini hata ungeweza kuwahesabu mbavu. Lo, zilipendeza! Wala haikumjia kwamba mchezaji wa barafuni huvaa kwanza kinga nene kama godoro, ndipo jezi ije juu yake.

Siku ya mapambano, katika chumba cha kubadilishia nguo kilichokuwa baridi kama friji ya bucha, sisi watano tulijisukumiza ndani ya jezi zetu tukabaki tunapumua nusunusu. Wa sita alikuwa Selemani wa Tanga, mlinzi wa mlango wa duka huko Doornfontein, aliyeteuliwa kuwa golikipa kwa sababu hiyo hiyo. Kinga ya golikipa ndiyo nene kupita zote. Jezi yake ilifika kwapani, ikagoma.

Refa akachungulia, akatamka hukumu: golikipa asiye na jezi yenye namba hachezi, na timu isiyo na golikipa inafutwa kwenye ligi. Akatupatia dakika kumi.

Ndipo Ignace akapanda juu ya benchi, akanena: "Ee Selemani, mwana wa Tanga, ngome ya lango letu! Je, kifua alichokupa Mungu hakikutoshi? Ivue kinga hiyo, vaa jezi, ukaitetee heshima yetu mbele ya mataifa!"

"Mzee Ignace, nakuheshimu sana, ila hapo hapana," akajibu Selemani. "Kile kisahani chao wanachokipiga kwa magongo kinakuja kama jiwe la manati. Kikinivunja mbavu, Jumatatu pale mlangoni atasimama nani? Mke wangu Biubwa na wanangu watakula suti?"

Marcelline, mke wa Ignace, aliyeshona nusu ya jezi zile bila mtu kumtaja, akafungua mkoba wake, akatoa mkasi na sindano, akamgeukia mumewe.

"Papa, tuifumue ubavuni, tuongeze kitambaa. Lete koti."

"Koti gani?"

"Hilo ulilovaa."

Jamani, koti lile! La zambarau, lililomchukua miezi minne kulishona, na siku hiyo amelivaa kwa ajili ya picha za magazeti ambayo hayakuja.

"Non! Marcelline, non! Kata pazia! Kata bendera! Kata hata suruali ya refa!"

"Zimebaki dakika sita," akasema Marcelline.

Hapo ndipo vita vikuu vilipopiganwa, si barafuni bali kifuani mwa Ignace. Upande huu koti, upande ule timu, na katikati yeye mwenyewe akitokwa na jasho kwenye baridi ile. Alifungua kifungo cha kwanza, akaguna. Akafungua cha pili, akamwita marehemu mama yake. Eish, hatimaye mikono ikatoka! Mkasi ukapita mgongoni mwa koti, kacha, kacha, naye shujaa akafumba macho kama mtoto anayechomwa sindano. Marcelline akashona ubavu wa kulia, akashona wa kushoto, vidole vimekufa ganzi, na Ignace, kwa ujasiri usio na kifani, akammulikia kwa tochi ya simu.

Selemani akavaa, kinga na yote. Refa akaitazama ile kijani yenye mbavu za zambarau, akasoma namba.

"Sharp, iko sawa," akasema, akapuliza filimbi.

Kuhusu mechi yenyewe sina mengi. Tulifungwa kumi na tisa bila. Selemani alipigwa na kisahani kifuani mara kumi na moja, na mara kumi na moja akainuka.

Alipotoka, Ignace alimkimbilia akiwa na shati tupu, akitetemeka.

"Vipi, Selemani?"

"Kifua kizima, mzee, alhamdulillahi."

"Siulizi kifua," akasema Ignace, akimgeuza kwenye mwanga. "Mshono umeshika?"

"Umeshika."

Ignace akainua mikono miwili, akalia machozi. "Majemadari! Leo tumeingia katika historia! Mshono umeshika!"

Nasi wapumbavu, tuliopigwa na kugandishwa, tukambeba mabegani hadi kwenye maegesho tukiliimba jina lake. Basi na iandikwe, na watoto wetu wafundishwe, hata kama ni kwa Kizulu, kwamba mwaka ule Ignace alilitoa koti lake akaiokoa timu. Marcelline alichelewa kidogo kwa kuokota pini sakafuni. Alipotoka gari la timu lilikuwa limejaa, akarudi Bertrams kwa teksi.