Polikarpo Amefika Salama

Jumatatu, 1 Septemba

Viza wameninyima. Karatasi moja, aya mbili, heshima nyingi. Wanasema maelezo ya safari yangu ya utalii hayakuwaridhisha. Mimi! Polikarpo Ndunguru, mwenye steshenari Gongo la Mboto, niliyewajazia watu fomu miaka tisa: za chuo, za leseni, za mirathi, hata za talaka.

Lakini viza siyo tatizo. Tatizo ni kwamba jumuiya imeshaniaga. Jana baada ya misa. Watu arobaini, pilau, sala ya msafiri. Mwenyekiti wa jumuiya ni Ferdinand, kwa hiyo sala aliiongoza yeye, kwa uchungu mkubwa. Miaka mitatu ametutesa na siku zake tano za Dubai. Sasa mimi naenda Ureno siku kumi na moja, Lisboni kisha Fatima, kwa Bikira Maria. Alinipa chupa tupu nimletee maji ya baraka. Nilimshukuru polepole ili aumie vizuri.

Mtu atasema ningengoja majibu kwanza. Mtu huyo hajui kujaza fomu.

Na kuna Rosalia. Mwalimu wa chekechea, mjane, mtulivu. Miaka miwili namwomba nipeleke barua ya posa kwao, miaka miwili anasema atafikiri. Jana alinivuta pembeni. Alisema hajawahi kuniona nikisema jambo nikalitimiza. Nikienda safari hii na kurudi salama, basi barua niipeleke.

Sasa nimwambie nini? Kwamba nimenyimwa? Hapana. Nitasafiri bila kusafiri. Binamu yangu Gervas ana pagale Pugu, karibu na msitu. Limeezekwa, madirisha bado. Mwenyewe yuko Mwanza. Siku kumi na moja si nyingi.

Jumanne, 2 Septemba

Wamenisindikiza hadi kwenye bajaji wakiimba. Nimevaa suti ya kijivu. Funguo za steshenari nimemwachia Rosalia, ambaye mchana huwa hana darasa. Tumeelekea uwanja wa ndege. Tulipofika Ukonga nikamwambia dereva ageuze apite njia za ndani. Hakuuliza kitu. Dereva wa kufaa.

Pagale lina vyumba vitatu na sakafu ya mchanga. Suti nimeitundika kwenye msumari. Kiwanja cha pili kuna mlinzi, mzee Khalfani, Mmwera wa Lindi. Nikamwamkia shikamoo, nikasema mimi ni fundi nimekuja kupima madirisha. Akanikaribisha uji.

Saa saba mchana ndege kubwa ilipita juu ya msitu. Ndiyo yenyewe, ile niliyowatajia watu. Nikasimama kwenye tundu la dirisha kuiangalia. Huku Pugu mchana ni kimya kupita kiasi. Hata ngedere walinyamaza. Ndege ilipoinua pua nikahisi tumbo langu linapanda nayo, masikio yakaziba. Nikashika ukuta mpaka ikapotea. Itakuwa uji wa Khalfani.

Alhamisi, 4 Septemba

Leo ilikuwa siku ya kutuma picha. Mpango wote niliuandaa. Laini yangu ya zamani nimeitoa, nimeifunga kwenye kitambaa, isije ikaita mtu akasikia majogoo ya Pugu. Kwenye simu nimeweka laini mpya, ila WhatsApp ni ile ile. Natafuta picha ya kanisa la Fatima mtandaoni, najibandika mbele yake, natuma kwenye grupu la jumuiya. Kazi ya nusu saa.

Nimefungua grupu. Picha ipo. Imetumwa alfajiri, kwa jina langu.

Ni mimi, nimevaa suti ya kijivu, mbele ya kanisa jeupe, manyunyu yananyesha. Chini yake maneno: Nimefika salama, nimewaombea wote mmoja mmoja. Watu thelathini wamejibu amina. Ferdinand ameweka mikono miwili ya sala.

Nikageuka kuiangalia suti. Ipo kwenye msumari. Nikaigusa. Mabegani ilikuwa na unyevu. Hapa haijanyesha tangu Juni.

Nimekaa chini nikafikiri kama mtu mzima. Nitakuwa niliitengeneza mwenyewe jana nikasahau. Na lazima nikiri, kazi ni nzuri. Hakuna anayeweza kuona nilipounganisha.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimefungua pasipoti. Barua ya kunyimwa bado imo ndani, imekunjwa nilivyoikunja. Lakini ukurasa wa saba una viza. Ukurasa wa nane una muhuri wa kuingia, tarehe 3 Septemba, wino bado unashika kidoleni.

Mtu mwingine angeogopa. Niliogopa, dakika kumi hivi. Kisha nikaanza kuona upande mzuri. Nimeingia Ulaya bila kupanga foleni hata moja! Nimejipongeza kwa maandazi mawili.

Nilipokwenda kuchukua uji, mzee Khalfani alinitazama kwa adabu, akaniuliza mgeni nimefika lini na natokea wapi. Nikadhani ananitania. Tumekunywa uji pamoja siku tatu. Nikamkumbusha habari ya madirisha. Akasema karibu sana, na jina langu nani vile.

Jumapili, 7 Septemba

Nina hasira hata kalamu inachana karatasi.

Ferdinand ameandika kwenye grupu. Anasema ndugu yetu Polikarpo amempigia simu kutoka ugenini, akamwomba radhi kwa uvumi aliousambaza kwamba safari ya Dubai iliishia Zanzibar. Anasema alilia, wakasameheana. Anasema kumbe Polikarpo ni mtu na nusu.

Kwanza, sikupiga simu. Pili, haukuwa uvumi. Nilifanya uchunguzi, nina ushahidi wa kandambili aliyorudi nayo, imeandikwa Forodhani, Zanzibar. Tatu, mimi kumwomba radhi Ferdinand ni jambo lisilowezekana hata Ureno.

Chini yake ameandika Rosalia. Kwamba kaka Poli amempigia baada ya misa, wamezungumza saa nzima. Amemuuliza habari za marehemu mama yake. Amewaulizia watoto wa chekechea, mmoja mmoja kwa majina. Anasema safari imemjenga.

Saa nzima! Mimi na Rosalia hatujawahi kupita dakika kumi, na nane kati ya hizo huwa zangu. Watoto wa chekechea sijui jina hata la mmoja.

Namwonea wivu mtu huyo. Naandika wazi kwa kuwa hakuna atakayesoma. Namwonea wivu, na amevaa suti yangu.

Jumanne, 9 Septemba

Nimepiga namba yangu mwenyewe.

Saa sita mchana, jua katikati, nimekaa kizingitini. Laini ya zamani nimeitoa kwenye kitambaa nikaikamata katika kiganja cha kushoto, nikaibana barabara. Kwa simu nikapiga. Nilijua wataniambia haipatikani.

Ikaita. Mara ya tatu ikapokelewa.

Nyuma kulikuwa na kengele za kanisa na watu wanatembea juu ya mawe. Akasema haloo. Sauti yangu, ila haina haraka. Akauliza anaongea na nani. Nikasema ni Polikarpo. Akasema pole. Hakuniita mwongo wala tapeli. Pole tu, kama unavyomwambia aliyekaa sana kwenye benchi la hospitali.

Nikamwambia anirudishie maisha yangu. Akasema hajachukua kitu, yeye anafanya yale niliyoahidi. Atarudi Jumamosi saa tisa alasiri, kama nilivyowaambia watu. Nikamwomba basi amwache Rosalia. Akaniuliza: mimi nikirudi, ningemwambia Rosalia nini kuhusu safari?

Nikakata simu. Baadaye nimepata majibu matatu, yote mazuri sana, na mojawapo lina simulizi ya dhoruba angani.

Kiganja nilipokifungua, laini ilikuwa ya moto.

Jumamosi, 13 Septemba

Mpango ulikuwa rahisi, na bado naamini ulikuwa mzuri. Nimtangulie. Nifike uwanja wa ndege mapema, nijichanganye na abiria wanaotoka, jumuiya wanipokee mimi. Mtu akishapokelewa na kwaya ameshapokelewa. Yeye akitoka baadaye ataeleza nini?

Asubuhi suti haikuwepo kwenye msumari. Nimekwenda na fulana.

Walikuwa wameshafika, sare ya vitenge, shada la maua mikononi mwa Rosalia. Amependeza. Saa tisa milango ikafunguka, watu wakaanza kutoka. Nikachepuka katikati yao nikiwa na begi langu, nikawaendea moja kwa moja, mikono nimeifungua.

Ferdinand aliniangalia usoni. Akasema samahani kaka, tupishe kidogo, tunampokea mtu.

Nikamtazama Rosalia. Alikuwa amesimama kwa vidole, anachungulia juu ya bega langu.

Vigelegele. Nikageuka. Ametoka akiwa na suti ya kijivu na toroli la chupa za maji. Uso ni wangu, ila umelala usingizi wa kutosha. Chupa ya kwanza akampa Ferdinand. Wakakumbatiana, Ferdinand akafuta macho. Kisha akasimama mbele ya Rosalia na kutoa bahasha kutoka mfuko wa ndani. Barua ya posa, imeshaandikwa. Akasema, watu wote wakisikia, kwamba aliahidi atakwenda na atarudi, na amerudi. Rosalia akaipokea kwa mikono miwili.

Walipita karibu yangu. Ananukia sabuni yangu. Alinitazama mara moja tu, kwa huruma, jinsi mimi ninavyowatazama watu wanaoniletea fomu iliyojazwa kwa penseli.

Nimelia. Kando ya matoroli, mchana kweupe, mtu mzima wa miaka arobaini na moja. Ningempenda vizuri, nadhani. Ningejifunza majina ya watoto.

Nimerudi Pugu kwa miguu. Njia nzima hakuna aliyenisalimia.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimeamka na akili mpya. Nimekuwa nikilitazama jambo hili vibaya.

Nimekagua pasipoti. Ukurasa wa nane sasa una mihuri miwili: wa kuingia tarehe 3, wa kutoka tarehe 12. Yaani nina kumbukumbu safi ya mtu aliyekwenda kutalii akarudi kwa wakati. Ubalozi wanawapenda watu hao. Naomba viza upya, safari hii sina wa kuninyima. Nakwenda kweli, narudi na picha za kweli, Rosalia anaona tofauti. Posa si ndoa.

Kitu cha kwanza ni fotokopi ya pasipoti. Nikaenda kwenye steshenari yangu, kwa sababu mashine za wengine zinatia mistari.

Wamepaka rangi. Kuna benchi la wateja. Nyuma ya pazia nilisikia sauti yangu inamwelekeza bibi mmoja fomu ya pensheni, mstari kwa mstari, bila kumkaripia. Kwenye kaunta yuko Rosalia. Akasema karibu kaka, tukusaidie nini. Kaka. Si kaka Poli.

Nikampa pasipoti. Akaifungua, akaitazama picha, uso ukachanua. Akasema jamani, Poli ameitafuta hii tangu juzi, anadhani imemdondoka uwanja wa ndege. Akaniuliza nimeiokota wapi.

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi. Naliandika hili kwa ukweli. Alikuwa ananiangalia machoni, anangoja, na kwa mara ya kwanza nilihisi kwamba nikisema jambo moja tu la kweli, hata dogo, hata kwamba nililala Pugu siku kumi na moja bila madirisha, angenijua. Pazia likatulia. Sauti ya nyuma ikanyamaza nayo, kama inangoja pia.

Nikafungua mdomo. Nikasema niliiokota kwenye viti, karibu na mgahawa, nilikuwa narudi kutoka Dubai.

Rosalia akanishukuru sana. Akasema watu waaminifu siku hizi adimu. Akanipa soda, akaniuliza jina ili jumuiya waniombee Jumapili. Nilikuwa sijaliandaa, nikajifanya soda imenipalia nikaondoka. Mlangoni nilisikia anamwita mchumba wake aje aone.

Sawa. Pasipoti imekwenda. Lakini mtu wa fomu hakwami. Kesho naanza upya: cheti kipya cha kuzaliwa, pasipoti mpya, viza mpya. Inawezekana hata ikawa nafuu, maana jina la zamani lilishawahi kunyimwa.

Jipya bado sijalichagua. Ila mzee Khalfani nimeshamwambia nasafiri Jumanne ijayo, na saa hizi yupo nje na majirani wanapika wali wa kuniaga.