Upepo wa Mlangoni

Jumatatu, 3 Machi

Mikate imegoma kuumuka siku ya nne! Bosi katangaza: atakayegundua sababu kabla ya Ijumaa ndiye msimamizi mpya wa zamu. Miaka kumi na moja nakanda unga hapa. Cheo hiki nakitaka kwa udi na uvumba. Na sababu naijua: upepo wa mlangoni. Nimemweleza shemeji, dada wa mke wangu, tunayeishi naye. Anafundisha falsafa ya sayansi chuoni. Kichwa kile, acha tu! Akasema dai la kisayansi lazima litaje kitakachoweza kuliangusha. Nikatamka kwa kishindo: mlango ukifungwa na mikate isiumuke, nimeshindwa.

Jumanne, 4 Machi

Nimefunga mlango kwa kamba. Wenzangu wamepitisha magunia dirishani huku wakinilaani. Mikate: bapa kama kandambili! Nimerudi nimenywea. Shemeji, Mungu amzidishie, akasema jaribio moja halitoshi kuua nadharia. Huenda kosa liko kwenye jambo jingine ulilolichukulia hivihivi. Loo, moyo umerudi mahali pake. Kosa ni dirisha.

Jumatano, 5 Machi

Dirisha nimeliziba. Bapa. Tundu la ufunguo nimeliziba kwa donge la unga. Bapa! Basi ni pumzi za Miwani, dada mkimya anayepima unga. Anapumua kwa nguvu mno. Nimemwomba akapumulie nje.

Shemeji alicheka hadi akashika ukuta. Akasema kiraka kizuri kwenye nadharia hukufunulia jambo jipya. Vyangu vinaziba aibu tu. Maneno ya dhahabu! Nimeyaandika na kuyabandika juu ya kitanda. Mke wangu kauliza kama nina homa.

Alhamisi, 6 Machi

Miwani kakoroga hamira yetu kwenye maji ya uvuguvugu na sukari. Hakuna hata povu. Kafungua pakiti mpya ya stoo: povu hadi ukingoni! Kumbe ile yetu huwa tunaiweka juu ya tanuri, imekufa kwa joto. Kakanda kwa hamira mpya, mlango wazi, dirisha wazi, yeye mwenyewe akipumua atakavyo. Mikate imevimba kama mashavu ya bosi. Kazi safi, haki ya Mungu. Nilipiga makofi kabla sijakumbuka kuwa ni mpinzani wangu.

Shemeji akasema watu hawaachi nadharia kwa kuwa imefeli tu, bali wakishapata iliyo bora. Nikamjibu bado natafakari.

Ijumaa, 7 Machi

Miwani kapewa cheo. Nimelia kidogo nyuma ya magunia. Shemeji kanifariji: hata wataalamu wakubwa walikataa kubadilika. Wapo wanaodai nadharia ya zamani huisha kabisa pale tu wanaoishikilia wanapozeeka na kufa.

Nimemuuliza Miwani umri wake. Thelathini na tisa. Mimi arobaini na mbili.

Kesho naanza kukimbia. Chumvi kidogo, sukari basi, kulala na kuku. Nitawazika wote!