Malalamiko Dhidi ya Utafiti Ulioharibu Figo za Mdogo Wangu

Kwa Ndugu Kiongozi wa Jopo la Watafiti wa Lupasi,

KUH: OMBI LA KUUONDOA UTAFITI WENU, AU ANGALAU SEHEMU YA FIGO

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wenzako wote mliokusanya tafiti za ugonjwa wa lupasi kutoka hospitali nyingi, mkazichanganya, mkazipigia hesabu na kutoa taarifa moja. Mimi si mzima sana, lakini hilo si kosa lenu peke yenu. Mimi ni mkurugenzi wa shule ya udereva yenye magari mawili, na ni kaka mkubwa wa mgonjwa. Naandika kwa heshima zote, nikiwa nimeketi kwenye benchi la hospitali, ndiyo maana mwandiko unapanda na kushuka.

Mgonjwa mwenyewe ni mdogo wangu wa mwisho, mwalimu wetu wa udereva. Wanafunzi wamempa jina la Mama Breki, kwa sababu gari la mazoezi lina breki ya pili upande wa mwalimu, na yeye huikanyaga kabla mwanafunzi hajajua kama kuna hatari. Hana mume wala hataki ushauri. Miaka miwili iliyopita vidole vyake vilianza kuvimba asubuhi, hata kugeuza usukani ikawa kazi. Kisha uso ukamtoka wekundu, mashavu yote mawili mpaka juu ya pua, kama mtu aliyepigwa makofi na mtu mwenye haki. Akatibiwa malaria. Akatibiwa taifodi. Akatibiwa malaria tena, nadhani kwa kuwa walikuwa wameshaizoea. Mwishowe daktari mmoja, mama mpole wa sauti, akamwambia ni lupasi: kinga ya mwili imechanganyikiwa, inampiga mwenye mwili badala ya adui. Akampa na taarifa yenu, iliyofupishwa kwa Kiswahili, aende akaisome nyumbani.

Hapo ndipo amani ilipotutoka. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Hamkutushirikisha. Mnasema mmejumlisha kila utafiti uliopo, kumbe nyumbani kwetu zilikuwepo tafiti mbili na hamkubisha hodi. Wa kwanza ni wa shangazi, aliyetulea baada ya wazazi kufariki, nao ulibaini kwamba chanzo ni kijicho cha mwanafunzi mmoja aliyefeli mtihani wa barabarani. Wa pili ni wa kwangu, nao ulibaini kwamba chanzo ni feni ya ofisini. Najua mtasema sisi tulikuwa na mgonjwa mmoja tu. Ni kweli, lakini huyo mmoja tunamjua tangu akiwa tumboni, na ninyi katika maelfu yenu hamjui hata mmoja anakunywa chai ya namna gani. Taarifa inasema mliziacha kando tafiti zenye mbinu dhaifu. Shangazi aliposomewa mstari huo aliuliza ni nani aliyewapelekea habari zake.

2. Jua. Mmeandika kwamba mwanga wa jua huweza kuuamsha ugonjwa. Mdogo wangu hufanya kazi nyuma ya kioo cha gari kutwa nzima. Kesho yake alikuja na kofia pana, mikono mirefu na glavu, akadai vioo vya gari vibandikwe karatasi za kuzuia jua na masomo ya adhuhuri yahamishiwe asubuhi. Nikamwambia jua halikuumbwa jana. Akanijibu kwamba hata yeye hakuumbwa jana, ila angependa kufika kesho. Karatasi zikabandikwa. Sasa watu wanadhani tunafundisha waheshimiwa, na wanaotaka kujiandikisha wamezidi, jambo linalotuchosha sana.

3. Sigara. Mmeitaja miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari. Mngeweza kuishia hapo, kwa kuwa mdogo wangu havuti. Lakini daktari akaongeza kwamba moshi wa wengine nao haumfai. Siku hiyohiyo kisahani changu cha majivu kilikutwa nje, juu ya tangi la maji. Leo mimi, mkurugenzi, navutia sigara uani, nimesimama kama mtu anayesubiri kesi yake iitwe.

4. Uchovu. Nilikuwa na sera. Sera ilisema kwamba mwalimu hasinzii ndani ya gari kati ya somo na somo, na niliitangaza mbele ya wafanyakazi nikifafanua kwamba uchovu ni ugonjwa wa watu wenye ajira ya uhakika. Taarifa yenu inasema uchovu ni dalili ya lupasi, tena ya kweli, usioisha kwa kulala. Karani wetu sasa hunisomea aya hiyo kila ninapofungua mdomo. Kiti cha nyuma cha gari la pili kimewekwa mto. Mto wenyewe ni wa kwangu.

5. Figo. Hapa ndipo penye kiini cha shauri, na naomba uvae miwani.

Mdogo wangu alikwenda hospitali na vidole na uso. Taarifa yenu ikamwongezea orodha: figo, moyo, mifupa, huzuni. Mmeandika kwamba figo huweza kuharibika kimyakimya bila maumivu yoyote, kwa hiyo mkojo upimwe mara kwa mara. Alipotusomea hayo sebuleni nilimpa uamuzi wa familia, kwamba kiungo kisichouma hakisumbuliwi, na wahenga walikwisha sema ukimwamsha aliyelala utalala wewe. Shangazi aliniunga mkono. Kikao kikafungwa.

Siku chache baadaye, katikati ya somo, alimwamuru mwanafunzi akate kushoto badala ya kwenda moja kwa moja. Mwanafunzi huyo ni muuza nyama, mtu mzima mwenye shingo nene, ambaye kurudi nyuma kulikuwa kumemshinda mwezi mzima. Alijikuta kwenye lango la hospitali. Akaamriwa aegeshe kinyumenyume kati ya gari la wagonjwa na ukuta, akaegesha bila mkwaruzo, akakaa kusubiri huku mwalimu wake akienda kupima mkojo. Ratiba yangu inaonyesha kwamba somo la saa hiyo lilikuwa kona.

Majibu yakatoka: protini nyingi kwenye mkojo, na damu pia. Wiki hiyohiyo akalazwa, wakachukua kipande kidogo cha figo kwa sindano, wakathibitisha. Nilipofika wodini nilimweleza kwa upole kwamba figo zake zilikuwa zimenyamaza na ni yeye aliyezichokoza. Alikuwa amevimba miguu, na midomo imemkauka. Akanijibu, "Kaka, hata breki ikikatika gari halipigi kelele. Linaenda tu."

Hoja yangu basi nawaletea ninyi. Kabla ya taarifa yenu, mdogo wangu hakuwa na tatizo lolote la figo ambalo mtu yeyote alikuwa akilijua. Baada ya taarifa yenu analo, tena limepewa hata daraja la ukali. Ninyi ni watu wa sayansi, mnajua kilichotangulia na kilichofuata.

6. Kuhusu kwa nini awe yeye. Mmeandika kwamba wagonjwa wengi ni wanawake, na kwamba ndugu wa damu nao wana hatari kubwa kidogo kuliko watu wengine. Kwa mstari huo shangazi aliniburuta nikapimwe. Nikaonekana sina kitu, nikapewa na hongera.

Sasa naomba mnieleze. Tumezaliwa tumbo moja, tumekula sufuria moja, tumechapwa kwa fimbo moja. Mvuta sigara ni mimi. Asiyevaa kofia ni mimi. Nimeisoma taarifa yenu mpaka mwisho nikitafuta mahali mlipoandika kwa nini yeye na si mimi. Hospitali zote hizo, watu wote hao, na mlipofika hapo mmeandika kwamba utafiti zaidi unahitajika. Nimeisoma sentensi hiyo nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimeketi. Shangazi, pamoja na udhaifu wa mbinu zake, hajawahi kufunga kikao bila kumtaja mhusika.

Kwa hayo yote, naomba taarifa iondolewe. Ikishindikana, iondolewe sehemu ya figo peke yake, ili figo zirudi zilivyokuwa. Na hilo likishindikana, mdogo wangu aandikwe mwanamume kwenye hesabu zenu. Nitathibitisha kwa maandishi na mhuri wa shule.

Nisalimie wapiga hesabu wote, na wagonjwa wote mliowachanganya humo, hasa wa upande wa figo. Waambie tunawawazia. Shangazi naye anawasalimu, ingawa bado amenuna.

Ni mimi, mwenye masikitiko na leseni ya madaraja yote,

Kaka wa Mama Breki,
Mkurugenzi.

Tanbihi: Daktari amepita sasa hivi. Anasema dawa zimeanza kushika, protini imepungua, na miguu imeshuka. Nilipomuuliza ingekuwaje kama tungesubiri mpaka figo ziume, alinitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi aliyeuliza kama taa nyekundu ni lazima. Kwa hiyo sehemu ya figo naomba msiiguse. Mkiweza, iandikeni kwa herufi kubwa zaidi, maana kuna watu wenye vichwa vigumu. Daktari ametuambia pia kwamba mnaanza kukusanya upya, na kwamba mnahitaji damu ya ndugu wazima ili mlinganishe. Mdogo wangu ameshakubali kuingizwa. Mimi wamenitoa damu mkono wa kushoto. Kama haitoshi, wa kulia upo.