Mwimbaji Aliyetembea kwa Miguu

Jumatatu, 3 Machi
Leo kituoni Daktari wa Ndege ametuonyesha vifaa vya kufuatilia ndege waimbaji wanaohama. Wamebaki wachache mno. Tusipojua wanapotua, hatutajua msitu upi wa kulinda. Kila ndege huvalishwa kifaa mgongoni, chepesi kuliko punje ya mahindi. Atakayekifunga vizuri kuliko wote ataenda na Daktari msituni. Ndoto yangu! Binamu yangu, Kasuku, tunayejitolea naye, alijibu maswali yote, hata yasiyoulizwa. Mimi nilijibu moja. Kimoyomoyo.
Mpango: nimeazima kifaa kimoja bila kumsumbua mtu. Nitafanya mazoezi nyumbani.

Jumanne, 4 Machi
Mwimbaji sina. Jogoo wa Bibi yupo. Nimefunga fundo safi kabisa! Kulifungua nimeshindwa. Bibi akauliza jogoo wake anahamia wapi na mzigo. Nikasema ni sayansi. Akasema sayansi iishie getini.

Jumatano, 5 Machi
Balaa! Kompyuta, isiyojua nani kavaa kifaa, inaonyesha mwimbaji ametua mtaani kwetu, mapema kuliko wenzake wote. Tena anatembea. Daktari nusura alie kwa furaha. Kasuku akaeleza kwa kirefu kwamba mbawa zimechoka na safari. Nikafungua mdomo niseme ukweli. Kikatoka kikohozi. Wakaniletea maji.

Alhamisi, 6 Machi
Timu nzima uani kwetu, imejibanza nyuma ya nguo zilizoanikwa, antena juu. Daktari akamnong'oneza Bibi kwamba ua huu sasa ni hifadhi, asifagie. Bibi, bila kunong'ona, akamwambia: mwanangu, hifadhi isiyofagiwa hufuga panya. Wakabishana. Nikapata upenyo. Mkasi, jogoo, chap! Nikasikia hatua, nikatumbukiza kifaa kwenye mfuko wa karibu. Mfuko wa koti la Kasuku, alilolitundika kambani.

Ijumaa, 7 Machi
Mwimbaji amehamia kwa Kasuku. Amelala kwao, amepanda naye ngazi za kituo, ameingia naye chooni. Daktari anasema hajapata kuona ndege wa porini akimpenda binadamu kiasi hiki. Mashindano ya kufunga yamefutwa. Kasuku ndiye anayekwenda msituni! Akanishika bega, akaniambia nisilie, mdogo wangu, ndege nao wana macho.
Nimelia hata hivyo. Kisha nikaona kosa langu lilipo: kifaa kimoja hakitoshi.
Nimeazima vingine vitatu. Vyote viko mfukoni mwangu. Kesho Daktari ataona kundi zima likinifuata mimi.