Giaboksi Mpya na Padre Kwenye Ngoro

Jamani, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, na suti nilikuwa nimevaa. Tena mbele ya kanisa zima, kwaya ikiwemo.

Someni polepole, naandika kwa kidole kimoja. Na shule yangu mnajua iliishia wapi (darasa la nne, mwalimu akahamishwa, na mimi nikajihamisha).

Gari langu mnalijua. Ile pikapu kuukuu ya dizeli, ya buluu, mlango mmoja mweupe. Ilikuwa otomatiki. Nilipoipata nilifurahi, maana mimi gari nimelijulia uzeeni, mvi kichwani, na otomatiki haina maneno mengi. Unaweka D, inakwenda. Unasukuma mkono wa gia mbele kabisa kwenye P, inalala. Mguu wa kulia unafanya kazi, wa kushoto unastarehe. Mke wangu alisema huo mguu wa kushoto umefanana sana na mwenye gari. (Nikacheka naye. Chakula kilikuwa bado jikoni.)

Ila otomatiki ile na milima yetu hawakuelewana. Ukipandisha kutoka Mbamba Bay na magunia ya usipa, wale dagaa wa ziwani, ikifika Kingerikiti inachemka, inanuka kama ugali ulioungua, inagoma. Mwaka jana iligoma na kahawa ya kikundi chetu mgongoni. Mvua ya kwanza ikatukuta hapo hapo, na turubai langu lina matundu. Mama Hyera, mwenyekiti wa kikundi, hakunitukana. Afadhali angenitukana! Aliniambia tu, "Baba Kastori, wewe pumzika kwanza."

Nikapumzika. Kahawa ikabebwa na gari la kukodi kutoka mjini. Kastori mwenyewe, mwanangu niliyemzaa, akaanza kusema tuliuze kwa watu wa vyuma chakavu. Hebu fikirini, gari lako linapandishwa kwenye mizani kama maharage!

Ndiyo nikasema hapana, tunabadilisha giaboksi. Tunatoa otomatiki, tunaweka gia za mkono. Fundi Mapunda wa Mbinga mjini akaipata moja kwenye gari lililopinduka, injini yake ndugu moja na yangu.

"Aliyepinduka alipona?" nikamuuliza.

"Alipona, mzee. Ndiyo maana anauza."

Kazi ile si ndogo, msidanganywe. Walishusha ya zamani, wakafunga pedeli ya klachi, wakatoboa sakafu ili mkono wa gia upate pa kutokea, wakachomelea upya shafti ya nyuma maana ya mwanzo haikufika. Mimi nilikaa juu ya tairi nikiwashauri. (Hawakuomba.) Mwisho fundi akaniita, akanionyesha waya mbili.

"Mzee, zamani gari lako lilikuwa haliwaki mpaka uliweke kwenye P. Hizi waya ndizo zilikuwa zinalizuia. Sasa nimeziunganisha moja kwa moja, litawaka hata likiwa ndani ya gia. Kwa hiyo kabla ya kugusa ufunguo, unakanyaga klachi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Nimesema nini?"

"Klachi."

"Klachi lini?"

Nikamwambia wewe fundi una dharau, nakulipa halafu unanihoji kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Nikaondoka.

Nikajifunzia uwanja wa mpira, pale pametulia, hakuna mlima wala mtu. Nikaweza! Gari limebadilika, nawaambieni. Halichemki, halinuki. Gia ya pili linapanda kama mbuzi. Habari zikamfikia Mama Hyera, akanipigia simu. Nilete gari leo Jumapili baada ya misa. Padre apate kulibariki, kisha lipande kile kilima cha nyuma ya kanisa wanakikundi wote wakiona. Baada ya hapo ndipo watasema kahawa ya mwaka huu anabeba nani.

Sasa mnaona uzito wa jambo. Nikivuka leo, gari linakula na mimi nakula. Nikianguka, Kastori na mizani yake.

Nikafika mapema kabla ya misa, nimevaa suti ya harusi ya Kastori. Kanisa letu liko juu ya mgongo wa mlima, na mbele ya uwanja wake linaanza shamba la Mama Hyera, limeshuka na mteremko. Ngoro tupu. (Kwa walioko mbali: ngoro ni yale mashimo tunayolima sisi Wamatengo, yamepangana mteremko mzima ili mvua isibebe udongo. Kwenye kingo zake ndiko mazao yanakokaa. Leo yalikuwa maharage, yametoa maua.) Nikaegesha kichwa cha gari kikitazama shamba, kipate kuonekana vizuri. Nikazima. Halafu mkono wangu, bila kuniuliza, ukasukuma gia mbele kabisa.

Kwa otomatiki, mbele kabisa ni P. Gari linalala.

Kwa hii mpya, mbele kabisa ni gia namba moja.

Nikaenda kusali kwa amani.

Misa ikaisha, watu wakazunguka gari. Padre akasimama mbele yake, mgongo ameupa shamba. Katekista pembeni na ndoo ya maji ya baraka. Padre wetu ni mtu wa taratibu, hata mvua ikimkuta njiani hakimbii. Akasali, akarusha maji kwenye boneti, kwenye tairi, kwenye ule mlango mweupe. Kisha akasema, "Mzee, liwashe tulisikie, nimalizie sala ya mwisho."

Nikaingia. Kwaya ikaanza wimbo. Nikamwona Mama Hyera amekunja mikono. Nikaona niwashe kwa madaha, kiwiko dirishani, mguu wa kulia kwenye breki kidogo tu, kama bwana mkubwa.

Wa kushoto ulikuwa unastarehe.

Nikazungusha ufunguo.

Ndugu zangu, gari liliruka! Halikuondoka, liliruka, kama mtu aliyekalia siafu. Mguu ukatoka kwenye breki. Injini nayo ikawaka hapo hapo, dizeli haina aibu, likaendelea na safari. Nikamwona Padre. Macho yetu yakakutana. Yule mtu wa taratibu akaruka pembeni na kanzu yake, akatua ndani ya ngoro ya kwanza, akapotea. Ndoo ikaruka, katekista akabatizwa mara ya pili.

Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Ikawa siyo breki. Ilikuwa klachi! Eti sasa ndiyo naikumbuka! Na mteremkoni ukishika klachi umeliachia gari huru. Likazama ngoro, likapanda ukingo, likazama nyingine, na mimi ndani kichwa kinagonga paa, du, du, du, nataja watakatifu kila ninayemkumbuka. Ngoro ya tano au ya sita tairi zikatumbukia, likakaa. Likazimika.

Kwaya imenyamaza katikati ya neno. Nikatazama nyuma. Mke wangu amejifunika kitenge kichwa kizima.

Hapo nikamkumbuka shemeji yangu wa Litumbandyosi. Alinunua pikipiki mjini akaisukuma mpaka kwake, kwa sababu aliona haya kumuuliza muuzaji inawashwaje. Tumemcheka miaka na miaka. Jioni hii nimempigia simu kumwomba radhi. (Akauliza, "Kwani umefanya nini?" Nikakata.)

Wa kwanza kutokea alikuwa Padre. Mzima, hana hata mchubuko, ila majani kichwani.

"Tumsifu Yesu Kristo," nikasema kupitia dirishani. Ningesema nini kingine?

"Milele, amina. Mzee, sala nilikuwa sijaimaliza."

Nyuma yake akaja Sista wa zahanati, yule anayeendesha gari la wagonjwa. Ameshapandisha mikono ya nguo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Sista."

"Naomba utoke."

Nikatoka. Akaingia na shela yake, akasogeza kiti, akatazama chini kwenye pedeli kama anayetafuta sindano. "Kwaya, wanne pandeni nyuma liwe zito, wengine sukumeni!" Akawasha (klachi kwanza, nilimwona), akatia rivasi, akaachia mguu polepole kama anayelaza mtoto. Gari likanguruma, likapanda ukingo wa kwanza, wa pili, likatoka lote mpaka uwanjani. Sista hakusimama. Akapinda, akaingia kile kilima cha nyuma ya kanisa, na waimbaji wake wanne mgongoni wakipiga vigelegele. Likafika juu. Halikuchemka. Halikunuka. Likashuka.

Machozi yalinilenga, siwafichi. Gari langu!

Mama Hyera alikuwa bado shambani, anahesabu mashina ya maharage yaliyolala. Akapanda taratibu, akanizunguka mara moja, akazunguka gari.

"Mwaka jana tulikuwa na dereva mzima na gari bovu," akasema.

Watu wakaanza kuguna.

"Mwaka huu gari ni zima."

Jamani! Katekista alikaa chini, na maji yake yote, akishika mbavu. Hata Padre aligeukia ukuta.

"Mama Mwenyekiti," nikasema, "nipe nafasi nijieleze."

"Hujielezi. Lori la mjini halijawahi kuingia ngoro likatoka. Hili limetoka. Kahawa utabeba wewe." Nikaanza kushukuru. "Ila msimu haujaanza. Kila jioni utakwenda zahanati, Sista akufundishe kuondoka mlimani, mpaka yeye aseme umeiva. Na asubuhi utanirudishia ngoro zangu. Jembe lipo. Halina klachi."

Nikakubali yote. Nikamshika mkono, akacheka kidogo, nikaona meno.

Padre akamalizia sala yake. Safari hii alisimama nyuma ya gari, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Basi kahawa ni yangu, gari halipandi mizani ya mtu. Kesho jioni naanza masomo. Ukipita zahanati ukaona mzee anaruka na pikapu ya buluu kama chura, nisalimie vizuri, geuza uso, ucheke ukishafika kwako.