Nyumba ya Masaka, Huduma Bure

Jumatatu, 8 Septemba

Ihirwe ametia pini mdomoni. Hakuimeza, niliiwahi juu ya ulimi. Chumba chetu hapa Biryogo ni chumba cha kulala, ni jiko, na ni kiwanda cha baba yake cha kushona, na mtoto ameanza kutambaa. Basi! Imetosha! Tunanunua ile nyumba ya Masaka, pembezoni mwa Kigali. Vyumba viwili na kibaraza, cherehani itakaa huko nje na pini zake. Mwenye nyumba, Mzee Gatera, anatungoja mpaka Ijumaa ya wiki ijayo tumletee barua ya benki. Tusipoileta, anampa mtu wa kutoka Kampala mwenye pesa mkononi.

Usumani anasema twende benki wenyewe, tupange mstari kama watu wengine. Mume wangu ni mtu mwema. Ila mambo ya dunia hayajui.

Mimi nimepata komisyoneri, dalali wa mikopo. Anaitwa Silvère, ana viatu vyenye ncha na ofisi juu ya duka la mapazia. Mkopo atautafuta yeye, na huduma yake ni bure, benki ndiyo inamlipa. Nimemuuliza mara mbili. "Iko bure kabisa, mama. Labda ya fanta tu."

Hapa Kigali hata mtoto anajua fanta hiyo si ya kunywa, ni noti iliyokunjwa. Lakini yeye amesema fanta, na mimi masikio ninayo. Nimepata akili!

Jumanne, 9 Septemba

Nimempelekea fanta. Kreti nzima, citron na orange, kutoka duka la jirani. Kreti kichwani, Ihirwe mgongoni, ngazi zile zote. Nimeitua juu ya meza yake mbele ya wateja na kusema kwa sauti kwamba fanta yake hiyo, tumemalizana.

Silvère ameitazama kreti. Akanitazama mimi. Akaomba kifungulio. Amekunywa moja polepole mpaka chini, akasema asante mama, hii ilikuwa yangu. Bado fanta ya mthamini wa nyumba. Bado ya notari anayegonga muhuri. Bado ya yule anayesukuma faili. Halafu kuna kufungua faili. Nikamkumbusha neno bure. Akasema huduma ni bure, faili si huduma, faili ni karatasi.

Nimelipa. Faili lilikuwa limeshafunguliwa mezani, na mimi sikulelewa kuacha vitu wazi.

Jioni mwenye duka anataka chupa zake tupu. Nimerudi. Wateja wa Silvère wamekunywa, wameondoka na chupa. Nimelipia chupa. Swafiya, wifi yangu, alikuwa dukani akinunua sabuni. Ameuliza ile kreti ilikuwa ya harusi ya nani. Nilipomweleza amecheka mpaka akakaa juu ya gunia la mchele. Eti yeye mkopo wa kiwanja chake atauomba benki mwenyewe, dirishani. Nimemwambia tutaonana.

Alhamisi, 11 Septemba

Benki inataka bima ya maisha. Maana yake, Usumani akifa, bima inamalizia deni na sisi tunabaki na nyumba. Silvère anayo bima ya kuniuzia. Mimi si mjinga! Nimevuka mtaa mzima nikamtafuta wakala mwingine asiyejuana naye. Anaitwa Médiatrice. Mama mpole, amemsifia Ihirwe mashavu. Na yeye ni bure.

Shida ni Usumani. Nimemweleza habari nzuri hii, ameweka mkasi chini na kuuliza mbona naitoa kwa furaha hivyo. Nikamwambia ni kwa ajili ya nyumba. Akauliza yeye atakuwa anafanya nini ndani ya nyumba hiyo, maiti. Nikamwambia kwa upole kwamba angalau hatakuwa analipa.

Tangu alasiri anashona akinipa mgongo. Nimempikia sombe na samaki. Amekula yote na kuramba kidole, kwa hiyo amenisamehe.

Jumatatu, 15 Septemba

Leo kupimwa afya. Mtu mwenye afya zaidi, bima rahisi zaidi, hivyo ndivyo Médiatrice alivyosema. Basi nimempigia Usumani pasi suti ya Idi, nikamfundisha kuingia haraka haraka na kucheka kidogo mlangoni. Ameingia vizuri sana. Amecheka vizuri. Kisha muuguzi akatoa sindano.

Mume wangu anashika sindano tangu utoto wake. Ameiona ile moja akaanguka kama kitambaa kilichotoka kwenye msumari.

Médiatrice ameandika: moyo. Nimemwambia si moyo, ni sindano. Akasema kwa masikitiko kwamba kwenye bima moyo na sindano ni bei moja, inaitwa nyongeza ya hatari. Akapiga simu kutoa taarifa. Nimesikia kwa masikio yangu: "Chéri, yule mama wa kreti iko hapa."

Chéri ni Silvère! Mume wake wa ndoa! Nimezunguka mlima mzima kumkimbia mtu, nikaingia kwake kwa mlango wa jikoni.

Nikamwambia Médiatrice, bila kupaza sauti, kwamba sasa najua kila kitu. Akauliza kila kitu kipi. Nikabeba mtoto wangu nikatoka.

Ijumaa, 19 Septemba

Siku ya mwisho ya Mzee Gatera. Asubuhi amepiga simu, mtu wa Kampala ameshapima madirisha. Usiku Ihirwe alikuwa amelala na bobini ya uzi mkononi. Nimemtazama, moyo ukawa jiwe.

Tumepanda kwa Silvère wote watatu. Barua ya benki anayo, lakini ameikalia mpaka tulipe. Karatasi ya malipo ni ndefu: mthamini, notari, bima, nyongeza ya sindano, na kitu kinaitwa ufuatiliaji. Nimeuliza anafuatilia nini. Anafuatilia malipo.

Nimemweka Ihirwe juu ya meza yake. Nimesema leo silipi. Hata faranga moja. Na nyumba ikipotea, nitakuja kukaa hapa kila siku na mtoto huyu, anaota meno na usiku halali. Usumani akathibitisha kuwa kweli halali. Ihirwe akaanza kutafuna muhuri.

Silvère ameita mke wake. Wamenong'ona Kifaransa. Na amesalimu amri! "Sawa, mama, umeshinda. Leo haulipi kitu. Zote tunaziingiza ndani ya mkopo, zinapumzika humo miaka ishirini."

Nikauliza, leo kitu hakuna? Hakuna. Na ufuatiliaji? Na ufuatiliaji humo humo. Nimetia sahihi kabla hajabadilisha mawazo. Usumani alitaka kusoma ule ukurasa wa herufi ndogo, nimemkanyaga mguu. Barua imefika kwa Mzee Gatera kabla ya magharibi. Nyumba ni yetu!

Jumapili, 5 Oktoba

Tumehamia Masaka. Ihirwe ametambaa ukuta hadi ukuta na hakuokota kitu ila vumbi. Nimelia kidogo. Vumbi.

Usumani amekaa kibarazani na kalamu mchana wote. Anasema zile zilizopumzika ndani ya mkopo zinazaa riba humo, na tukimaliza tutakuwa tumemnunulia Silvère ofisi pamoja na duka la mapazia. Nimemwambia pesa ambayo sikuitoa mkononi sikuilipa. Amefunika kalamu yake. Ameenda kushona.

Swafiya amekuja kutupongeza. Benki imempa mkopo wa kiwanja. Alipanga mstari, akalipa ada yake dirishani, pesa taslimu, siku hiyo hiyo, na risiti akanionyesha. Maskini! Zimemtoka zote kwa mkupuo. Sikutaka kumuumiza, nimemwekea chai na mandazi.

Nyumba haina geti. Nimempigia Silvère kumuuliza kama na geti linaweza kuingia ndani ya mkopo. Amefurahi kusikia sauti yangu. Amesema humo ndani, mama, bado iko nafasi kubwa kuliko nyumba.

Nimemtajia na tangi la maji.